Tochi Moja kwa Watu Wawili: Niliyojifunza Kuhusu Mwanga wa Mlimani

Mwanzoni mwa Februari 2022, mimi na binamu yangu tuliondoka Nairobi kwa matatu ya alfajiri kuelekea Nanyuki, tukikusudia kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon na kufika kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, kabla ya jua kuchomoza. Tulikuwa tumejiandaa kwa miezi minne. Tulipanda vilima vya Ngong Jumamosi baada ya Jumamosi, tukazunguka ukingo wa kreta ya Longonot mara mbili, tukakodi mifuko ya kulalia, na tukanunua viatu vya mtumba Gikomba ambavyo hadi leo havijaniangusha. Kitu ambacho sikukipa zaidi ya dakika kumi za fikira ni tochi. Dakika hizo kumi zilitugharimu kilele, zikamgharimu binamu yangu kifundo cha mguu, na kwa muda mrefu zilinifanya nishindwe kumtazama shangazi usoni.

Tochi yenyewe niliinunua kwenye kibanda kimoja katikati ya jiji kwa shilingi 1,200. Ilikuwa ya kuvaa kichwani, na boksi lake lilitangaza lumeni 10,000, lumeni zikiwa kipimo cha wingi wa mwanga. Mchuuzi aliiwasha akaielekeza kwenye ukuta wa jengo la ng'ambo ya barabara, nao ukang'aa mchana kweupe, nami sikuuliza swali lingine. Ilikuwa na betri mbili za kuchaji zilizokaa katika kisanduku cha kisogoni, na yote kwa pamoja ilikuwa na gramu 270, uzito ambao sikuujua wakati huo kwa sababu sikufikiria kuipima. Binamu yangu alipotaka kununua yake, mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia hiyo moja ingetutosha sote, yeye atembee nyuma yangu, na pesa zake azitumie kununua glavu.

Siku ya kwanza tulitoka lango la Sirimon hadi kambi ya Old Moses, iliyo karibu na mita 3,300. Nilipofungua shanta jioni, nilihisi joto kati ya nguo. Tochi ilikuwa imewaka humo ndani, huenda tangu mchana, kwa kuwa kitufe chake kilikuwa kipana na chepesi na hakikuwa na namna yoyote ya kufungwa. Nilikuwa na pawabenki, lakini kebo niliyobeba ilikuwa ya simu yangu, na tundu la tochi lilikuwa la aina ya zamani. Mpishi wa kundi jingine alinitafutia kebo katika vitu vyake akakosa. Nikajituliza kwa kujiambia kwamba tochi yenye lumeni 10,000 haiwezi kumalizwa na mchana mmoja.

Siku ya pili tulipanda bonde la Mackinder katikati ya malobelia marefu hadi kambi ya Shipton, kwenye mita 4,200 hivi. Usiku huo maji ya chupa yaliyokuwa karibu na mlango yaliganda. Tochi niliiacha juu ya shanta, kando ya kitanda, ili niipate kwa urahisi nitakapoamshwa, na kwa kufanya hivyo niliziacha betri zipoe usiku mzima.

Mwelekezi wetu, mzee wa makamo kutoka upande wa Nanyuki, alituamsha saa nane usiku. Alitutazama tukijifunga, kisha akauliza, "Na huyu dada mwingine, tochi yake iko wapi?" Nilimjibu kwamba tungetumia moja. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mkae karibu nami." Hatukuwa tumefika mbali alipogeuka kunieleza jambo, nami nikamtazama kama mtu anavyomtazama anayezungumza naye, nikammulika machoni kwa nguvu zote za tochi ile. "Dada, elekeza chini," alisema kwa upole. "Ukinipiga mwanga hivyo, njia siioni tena." Macho ya binadamu huhitaji kati ya dakika ishirini na thelathini ili kuzoea giza, na sekunde moja ya mwanga mkali huweza kuyarudisha nyuma sana. Mzee yule alikuwa ndiye macho yetu sote.

Tulikuwa tumepanda changarawe inayoteleza kwa muda wa saa moja na nusu hivi wakati tochi ilipopepesa mara tatu, ikazimika. Haikufifia kwanza. Betri nyingi za kuchaji za aina hiyo huwa na saketi inayozikata ghafla nguvu zinapopungua kupita kiasi, na baridi huharakisha hali hiyo. Binamu yangu alikuwa katikati ya hatua. Nilisikia mawe yakiporomoka, kisha sauti yake, na kwa muda ambao sasa najua ulikuwa mfupi sana, lakini ambao bado huniamsha usiku, sikujua kama alikuwa ameanguka hatua moja au mita hamsini. Nilitoa simu ili niwashe tochi yake. Ilikuwa na chaji ya asilimia arobaini niliposhuka kitandani, lakini kwa baridi ile ilizimika kabla sijamwona.

Mzee alirudi na taa yake, akamkuta ameketi kati ya mawe mawili, kifundo cha mguu wa kushoto kimeteguka. Hatukuwa na la kufanya ila kushuka, watu watatu na taa moja, na mwendo tuliopanda kwa saa moja na nusu tuliushuka kwa saa tatu. Kulipoanza kupambazuka tuligeuka tukaona, juu kabisa karibu na ukingo, msururu wa taa ndogo za makundi mengine yakikaribia Lenana. Binamu yangu hakusema neno.

Nitaje gharama kwa sababu watu huuliza. Mpagazi wa ziada wa kumsaidia kushuka, gari la kutuchukua langoni, eksirei na dawa Nanyuki, na siku tisa ambazo binamu yangu hakuweza kwenda kazini: tulipojumlisha, ilizidi shilingi 23,000. Tochi mbili nzuri zingegharimu chini ya nusu ya kiasi hicho. Shangazi aliniuliza swali moja tu, "Ulimpeleka mwanangu gizani bila taa?" Sikuwa na jibu, na sijalipata.

Baada ya hapo nilianza kusoma, na jambo la kwanza lililoniuma ni jinsi ambavyo ningeweza kuugundua uongo wa boksi lile kwa hesabu ya darasa la saba. Taa nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja ya umeme. Kwa hiyo lumeni 10,000 zinahitaji karibu wati 100. Betri za ukubwa uliokuwa ndani ya tochi yangu, zile nene kiasi cha kidole gumba ambazo mafundi huziita 18650, huwa na uwezo wa kuhifadhi umeme wa miliampea-saa 2,000 hadi 3,500 zikiwa halisi, na mbili kati yake zingeweza kulisha wati 100 kwa dakika kumi na tano hivi, huku joto likiunguza paji la uso. Betri zangu ziliandikwa miliampea-saa 9,900, namba ambayo hakuna betri ya umbo hilo inayoifikia. Njia rahisi ya kuzitambua ni mizani ya jikoni: betri halisi ya aina hiyo huwa na gramu 45 hadi 50, na moja ya zangu ilikuwa na gramu 31. Ukikuta namba kubwa namna hiyo kwenye boksi, irudishe mezani, hata kama mchuuzi ni mcheshi na ukuta wa ng'ambo umeng'aa.

Wenye kutengeneza taa kwa uaminifu hufuata kipimo kiitwacho ANSI FL1, kilichotangazwa mwaka 2009, na alama zake huchapishwa kwenye boksi pamoja na michoro midogo ya balbu, saa na umbali. Hata hivyo, kipimo hicho nacho lazima kisomwe kwa makini. Muda wa betri unaoandikwa huhesabiwa hadi mwanga unaposhuka na kubaki asilimia 10 tu ya ulivyokuwa mwanzoni. Ukisoma kwamba taa ya lumeni 300 hudumu kwa saa 40, usidhani kwamba utakuwa na lumeni 300 kwa saa zote hizo, kwa maana sehemu kubwa ya muda huo huenda ukawa na mwanga wa kusomea kitabu. Mimi sasa huutazama muda wa mwanga wa kati, ule wa lumeni 100 hivi, kwa kuwa ndio ninaotembea nao. Kambini, lumeni kumi hadi ishirini hutosha kupika, kupanga vitu na kutafuta soksi.

Kabla ya kufika kwenye busara hiyo, nilifanya kosa la pili, kinyume cha lile la kwanza. Kwa kuogopa giza, nilinunua kila kitu: tochi ya kichwani yenye nguvu nyingi ya gramu 210, taa ya kuning'iniza hemani ya gramu 320, na paneli ya sola ya kufunga juu ya shanta ya gramu 400. Nilivibeba vyote Hell's Gate, karibu na Naivasha, ambako mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kupiga hema. Paneli ilining'inia mgongoni ikitazama kila upande isipokuwa jua, na baada ya kutembea tangu asubuhi iliongeza chaji kidogo mno kwenye simu. Taa ya hema niliiwasha kwa muda usiozidi nusu saa, wadudu wakajaa, nikaizima. Karibu kilo moja ya vifaa vya mwanga, na nilichotumia kwa kweli ni mwanga hafifu kabisa wa tochi ya kichwani. Shingo iliniuma siku mbili kwa sababu ya uzito wa kisogoni.

Niliporudi nyumbani, niliweka karatasi mezani nikaandika saa za giza. Hapa ndipo ninapotofautiana na maelekezo mengi tunayoyasoma, ambayo yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani wanaopiga kambi katika kiangazi chao, jua likitua usiku na kuchomoza mapema mno. Mlima Kenya uko kwenye ikweta. Usiku wetu una saa kumi na mbili mwezi wowote wa mwaka, na ifikapo saa moja na nusu jioni giza limekamilika. Anayekuambia kwamba katika safari ya siku nne utatumia tochi kwa saa tatu hana habari na giza letu. Kwa safari ya Sirimon yenye usiku tatu, hesabu yangu ilikuwa hivi: saa tatu kila usiku za mwanga mdogo kambini, ambazo ni tisa, saa nne za mwanga wa kati kupanda Lenana, na saa nne nyingine za mwanga wa kati kwa ajili ya dharura, kwa sababu dharura nilikwisha kuiona kwa macho yangu.

Kisha nikaanza majaribio kwa kutumia freza ya jikoni. Freza ya kawaida huwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi kali kuliko ile ya Shipton katika usiku wa kawaida, hivyo tochi ikistahimili humo huna sababu ya kuihofia huko. Niliifunga kila tochi ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, nikaiwasha kwenye mwanga wa kati, nikawa nafungua mlango kila baada ya saa moja. Mfuko ni muhimu, na tochi ikitoka iachwe ndani ya mfuko huohuo hadi ipate joto, la sivyo maji yatajikusanya ndani ya kioo chake. Mama mwenye nyumba alikutana na mwanga ukitoka katikati ya nyama na sukuma wiki, na ilinibidi nimweleze habari yote tangu mwanzo.

Betri za kawaida za alkali, zile nyembamba zinazoingia tatu katika tochi nyingi ndogo, zilififia mapema sana kwenye baridi, kisha zilipopata joto zikarudisha sehemu ya nguvu zao. Za kuchaji za nikeli zilifanya vizuri zaidi, nazo ndizo ninazotumia Ngong na Longonot. Zilizonishangaza ni za lithiamu zisizochajiwa. Ni ghali, kwa hiyo sizitumii safari za karibu, lakini hufanya kazi hata kwenye baridi kali sana, na uzito wake ni mdogo: tatu za alkali zina gramu 35 hivi, tatu za lithiamu gramu 23. Soma kwanza maelezo ya tochi yako, kwa sababu baadhi ya watengenezaji hawaziruhusu. Hizi zisichanganywe na betri za lithiamu za kuchaji kama zile za simu, ambazo hulegea kwenye baridi na hazifai kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri.

Nilichokichagua mwishoni ni tochi ya kichwani inayotumia betri hizo tatu, niliyoinunua kwa shilingi 4,300. Kwa betri za lithiamu ina gramu 74. Ina mwanga wa lumeni 350 ambao sijawahi kuuhitaji kwa zaidi ya dakika moja, mwanga wa kati, mwanga mdogo, na mwanga mwekundu. Kitufe chake hufungwa kwa kubonyezwa kwa muda, na hata hivyo, nikiwa njiani naigeuza betri moja ili isiwake kamwe ndani ya shanta. Haizuii maji ya kuzama, huzuia ya kunyunyiza tu, yaani kiwango kinachoandikwa IPX4, nacho kinanitosha kwa mvua. Zaidi ya yote, mwanga wake hufifia polepole na kunionya. Wapo wanaopendelea taa inayoshikilia mwanga uleule hadi mwisho, na wana hoja zao, lakini baada ya yale yaliyonipata siwezi tena kutegemea taa inayokata bila kuaga.

Pamoja nayo nabeba tochi ya pili ya gramu 28, ndogo kama kibiriti, na betri tatu za akiba za gramu 23. Jumla ni gramu 125, chini ya nusu ya ile tochi ya kwanza, bila kuhesabu pawabenki. Kazi ya tochi ndogo si kupanda mlima. Ni ya kuniangazia ninapobadilisha betri za ile kubwa, shughuli ambayo haiwezekani gizani kwa vidole vilivyokufa ganzi. Jaribu nyumbani ukiwa umevaa glavu na umefumba macho.

Mwanga mwekundu niliudharau mwanzoni. Huuacha uwezo wa macho wa kuona gizani karibu kama ulivyokuwa, na katika bweni la Shipton, ambako watu wengi hulala chumba kimoja na kila kundi huamka kwa saa yake, huwaacha wengine walale. Taa ya kuning'iniza siibebi tena. Nafunga tochi kwenye chupa ya maji nyeupe inayopitisha mwanga, sura ya tochi ikitazama ndani, na hema lote hupata mwanga laini. Wageni hushauri kutumia mfuko wa plastiki au chupa ya maji ya dukani, lakini sisi tumepiga marufuku mifuko hiyo tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga zetu, kwa hiyo iwe chupa ya kudumu. Mshumaa na koroboi visiingie hemani kabisa: kitambaa cha hema hushika moto kwa kasi, na hewa yenye sumu ya moto huua mtu akiwa usingizini.

Tulirudi Sirimon mwishoni mwa Januari 2024. Tarehe aliichagua binamu yangu, siku chache baada ya mwezi mpevu, kwa sababu mwezi unaoanza kupungua huchelewa kuchomoza na saa tisa usiku huwa bado uko juu. Alikuja na tochi yake mwenyewe, aina ileile kama yangu, ili betri za mmoja ziweze kumfaa mwingine. Huko Shipton tulilala na tochi, simu na betri ndani ya mifuko ya kulalia, karibu na tumbo. Mwelekezi alikuwa yuleyule mzee. Alipotuona tumesimama mlangoni, taa mbili zikielekea chini, aliitikia kwa kichwa tu, akaanza kutembea.

Mbalamwezi ilitosha kwa mwendo mrefu wa mwanzo, na mahali pengine tulizima taa kabisa. Tulipofika kwenye changarawe ukungu ulipanda kutoka bondeni, na mwanga wa kichwani ukageuka ukuta mweupe mbele ya macho yetu. Mzee aliivua taa yake akaishika usawa wa kiuno, nasi tukafanya vivyo hivyo. Tofauti ilikuwa kubwa. Taa iliyo kwenye paji la uso humulika karibu na mstari wa macho, hivyo ukungu humrudishia mtu mwanga wake, na mawe nayo huonekana bapa kwa sababu vivuli vyake hujificha nyuma yake. Mwanga wa kiunoni hupita chini ya macho na kulipa kila jiwe kivuli chake.

Mahali pale alipoumia nilipatambua kwa mawe yale mawili. Binamu yangu alisimama, akayaangazia moja baada ya jingine, akapita katikati yake polepole. Kuanzia hapo alitangulia yeye, nami nikafuata nikiitazama taa yake ikipanda mbele yangu, hadi ilipofika saa kumi na mbili na nusu hivi, tukiwa juu ya ukungu, akanyanyua mkono akaizima.